Kijitabu cha Asmaul Husna nilichonunua Ngamiani: miezi sita nacho jikoni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Kijitabu hiki cha Asmaul Husna, yaani majina tisini na tisa mazuri ya Mwenyezi Mungu, nimekaa nacho tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, na sasa tunaingia Ramadhani. Nimeona niwaandikie wanaotaka kununua, maana madukani siku hizi viko vya kila aina na vyote kwa nje vinang'aa.

Nilikikuta hapa Tanga, Ngamiani, kwenye duka dogo la misahafu, kanzu na udi. Kijitabu shilingi 5,000, chati ya ukutani 3,000. Nilichukua vyote viwili. Kijitabu kinaenea kiganjani, na kila jina lina ukurasa wake: juu Kiarabu chenye irabu, maandishi makubwa ambayo hata jicho langu la miaka hamsini na mbili linayapata bila miwani. Chini yake herufi za Kilatini, kisha maana kwa Kiswahili, kisha aya mojawapo jina hilo linamotajwa, na mwisho dua fupi ya kuombea kwa jina hilo. Hiyo dua ndiyo iliyonifanya nitoe pesa. Al-A'raf aya ya 180 inasema Mwenyezi Mungu ana majina mazuri kabisa, basi muombeni kwayo. Tumeambiwa tuombe, na vijitabu vingi nilivyoona vinaishia kuorodhesha.

Mimi nauza vitumbua. Saa tisa usiku niko macho, unga umeshaumuka, moto umekolea. Chuma changu kina mashimo saba. Nilijipangia jina moja kwa siku: nalisoma ukurasani kabla sijaukoroga unga, halafu nikianza kugeuza, kila kitumbua nakitajia jina, la leo na ya siku sita zilizopita. Shimo la kwanza jina la leo, la pili la jana, mpaka la saba. Majina 99 kwa mwendo huo ni wiki kumi na nne na siku moja. Nilipofika As-Sabur, jina la mwisho, sikuwa na haja tena ya kufungua ukurasa kwa jina lolote lililotangulia. Kijitabu hakifundishi njia hii, nimeitunga mwenyewe, ila mpango wake wa ukurasa mmoja jina moja ndio ulioniwezesha.

Sasa niseme kilichonigusa zaidi, jina la tisa, Al-Jabbar. Sisi waswahili tukisikia jabari tunamfikiria mtu mwenye nguvu za kutisha, na mimi toka udogoni jina hili nilikuwa nalitamka kwa woga tu. Kijitabu kinasema ni kweli, ni Mwenye nguvu ambaye hakuna wa kumpinga, lakini kwa Kiarabu asili hiyohiyo ya neno hutumika kwa kuunga mfupa uliovunjika. Al-Jabbar ni pia Mwenye kuwaunga waliovunjika. Na dua waliyoiweka pale chini ni ile tunayoisoma kati ya sijda mbili: Allahumma-ghfir lii, warhamnii, wajburnii. Niungie. Nimeisoma dua ile katika kila rakaa tangu nikiwa msichana, na siku zote nilikuwa nalipita neno lile kama mtu anayepita mlango wa nyumba asiyoijua. Alfajiri ile nilipokaa baina ya sijda mbili, nikafika "wajburnii", nilikaa hapo muda mrefu. Mume wangu alifariki mwaka juzi. Anayejua atajua nilikuwa naomba nini.

Kwa ukurasa huo mmoja peke yake, 5,000 yangu imerudi.

Maelezo ya Al-Mutakabbir nayo ni mazuri, kwa sababu kwa Kiswahili takaburi ni tabia mbaya na watoto huuliza inakuwaje iwe sifa ya Mungu. Wamejibu kwa sentensi tatu tu: ukubwa ni wake kweli, kiumbe akijipa ndipo inakuwa uongo. Kwa Ar-Rahman na Ar-Rahim wamefuata ile tuliyofundishwa chuoni, yaani madrasa, mneemeshaji wa neema kubwa kubwa na wa neema ndogo ndogo. Kwa Ar-Razzaq wameeleza kuhusu kuitana. Kitindamimba wangu ni Abdulrazak, na nyumba nzima pamoja na mtaa tulikuwa tunamwita Razaki. Kijitabu kikanikumbusha kwamba yeye ni mja wa Ar-Razzaq, mwenye kuruzuku si yeye, kwa hiyo ukikata jina usiikate ile "Abdu". Siku hizi tunamwita Abdu. Alichukua wiki mbili kuitika.

Upungufu upo, na mmoja ni mzito. Herufi za Kilatini zitakupoteza ukizitegemea. Jina la kumi na tisa wameliandika "Al-Alim", basi, bila alama yoyote ya ain, ile herufi ya Kiarabu inayotoka kooni. Nilikuwa nikilitamka hivyohivyo kwa wiki nzima mpaka Abdu aliponisikia akaniambia, "Mama, kule chuoni hatusemi hivyo." Nikaenda kwa ustadhi wake baada ya Alasiri, nikakaa barazani, nikamsomea. Akasikiliza kwa adabu, akaniambia, "Mama Abdu, itoe kooni. Ukiisema kwa alifu umesema chenye kuumiza, kama katika adhabun aliim. Na wewe unamwita Mwenye kujua." Nilihisi mwili kunisisimka. Tulirudia 'Aliim mara labda ishirini, watoto wakinitazama. Al-Khabir na Al-Kabir nazo zinataka sikio la mwalimu, maana wengi wetu kha tunaifanya ha au ka. Kwa hiyo kama huna mtu wa kukusikiliza, mtafute kwanza, hata mtoto anayesoma juzuu amma, ile sehemu ya mwisho ya Kurani, ndipo ununue.

La pili ni utangulizi. Wameandika ile hadithi ya Abu Hurayra iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ana majina tisini na tisa, mia kasoro moja, mwenye kuyadhibiti ataingia Peponi. Wakaishia hapo, kana kwamba orodha waliyoichapa ndiyo hiyo hiyo aliyoitamka Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Mimi niligundua jambo hili kwa njia ya uchungu. Mama yangu ana kisukari, na mwezi wa Rajabu kidonda cha mguu kilimzidi. Nikataka kumwombea kwa jina la Mwenye kuponya. Nikapekua kurasa zote kwa mwanga wa simu, Ash-Shafi simwoni. Nikapekua tena. Nikadhani ukurasa umechomoka.

Ustadhi akanieleza kwamba orodha hii inayopigwa chapa kila mahali imekuja katika mapokezi ya Tirmidhi, na wanazuoni wengi wameona kuwa ilikusanywa na mpokezi, si maneno ya Mtume mwenyewe. Ash-Shafi amethibiti katika hadithi sahihi, ila orodha haikumtaja. Hata Ar-Rabb, ambalo tunalitaja katika kila Alhamdu, halimo. Akanipa dua ya mgonjwa, Allahumma Rabban-naas, adh-hibil-ba'sa, ishfi, Antash-Shaafii, nami nikaona majina yote mawili niliyoyakosa kitabuni yamekaa ndani ya dua moja. Akaongeza kuwa iko dua ya Mtume aliyoipokea Ibn Mas'ud inayotaja majina ambayo Mwenyezi Mungu ameyahifadhi kwake katika elimu ya ghaibu. Ukurasa mmoja wa maelezo kama hayo ungetosha, na mtu aliyekaa na mgonjwa usiku asingedhani amemkosa Mola wake kitabuni.

Mama hajambo sasa, alhamdulillahi. Kidonda kinafunga.

Nyuma ya kijitabu kuna kurasa za "faida", soma jina fulani idadi fulani upate kitu fulani. Ya Latif mara 129, na kadhalika. Bibi yangu alikuwa na uradi wa Ya Latif na sitausema vibaya, alikuwa mcha Mungu. Lakini niliuliza 129 imetoka wapi, nikaambiwa ni hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ya Kiarabu ina namba yake, ukijumlisha herufi za jina lenyewe, wala hakuna hadithi inayoiweka. Basi waandike hivyo. Kurasa hizo sizitumii.

Jalada ni gumu, ila kurasa zimefungwa kwa pini mbili tu, na mwezi wa nne tangu nikinunue zilianza kuachia. Kwa kitabu kingine ningenyamaza. Hiki kila karatasi ina jina la Mwenyezi Mungu, huwezi kuiacha ikaanguka sakafuni, huwezi kuitupa jaani, na mimi hapa nafungia watu vitumbua kwenye karatasi. Ikichanika ni kuichoma au kuifukia pahala safi. Nimekishona mwenyewe kwa uzi na sindano ya magunia, sasa kimekaza. Mchapaji angeshona toka mwanzo ningemwongezea hata 2,000.

Chati sikushaurini. Inapendeza, ya kijani na dhahabu, lakini namba 20 na 21 wamezipindua maana: Al-Qabid wameandika Mkunjuaji na Al-Basit wameandika Mkunjaji. Nilipoirudisha muuzaji alitoa nyingine tatu kutoka kwenye boksi, na zote zina kosa hilo, akanirudishia pesa yangu bila maneno. Mkienda dukani, kabla ya kulipa tazameni hizo namba mbili. Na kijitabu kifungueni katikati, mvute karatasi kidogo muone kama pini zimeshika.