Grand Seiko: 9S85 au 9R65?

Ukishajichanga miaka hapa Kampala hadi ukaifikia Grand Seiko, saa ya mkononi ya Kijapani, swali la kweli ni mashine iliyo ndani: 9S85 au 9R65. Zote hizi mbili huendeshwa na springi na hujivuta mkono unapotembea, hakuna betri.

9S85 hupiga mara 36,000 kwa saa. Iweke sikioni: mlio wa haraka haraka, kama mvua inayoanza kudondoka juu ya bati. Kwa siku inaweza kuwahi sekunde 5 au kuchelewa 3. 9R65 ni Spring Drive: springi inazalisha umeme kidogo, fuwele ya kwatsi inaongoza mwendo. Kosa lake ni sekunde 15 kwa mwezi, na mshale wa sekunde hauruki, unateleza kimya kama mtumbwi ziwani alfajiri.

Ivue Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Kufika Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60. 9S85, yenye akiba ya nguvu ya saa 55, imeshasimama. 9R65 ina 72, bado inatembea.

Hata hivyo, mimi naichagua 9S85. Haina saketi ndani, na ule mlio naupenda mno.