TAHADHARI: Mbadilisha pesa wa kivukoni Likoni kaniingiza mjini mchana kweupe

Kwanza wale wa kucheka chekeni mmalize, najua mtacheka. Kisha mnisikilize, na mumfikishie kila anayepanga kwenda Mombasa peke yake kwa mara ya kwanza, hasa anayetokea huku kwetu Tanga na pesa za Kitanzania mkobani. Pale kivukoni Likoni kuna mwizi. Si mwizi wa kukwapua, huyo angalau ungempigia kelele. Huyu anakuita dadangu, anakubebea na begi.

Nilikuwa nafuata vitu vya kununua Mombasa, mnavijua, na pesa ilikuwa ya watu, wenyewe mnawajua, sirudii. Da Mwana tulikuwa twende wote na hilo nalo mnajua lilivyoishia. Nikasema nakwenda mwenyewe, kwani Mombasa ni wapi? Horohoro hapo, unavuka Lungalunga, unaitafuta Ukunda, umefika.

Msije na lile la "kwa nini hukubadilisha mpakani". Kaka yangu ndiye aliyenikataza, akasema wale vijana wa mpakani wanakuhesabia pesa huku dereva anapiga honi, ukikaa kwenye kiti unakuta imepungua. Nikamsikia. Laki tatu yangu ikabaki nzima, nimeifunga kwenye leso ndani ya mkoba. Wala msiniambie ningetumiwa kwa simu, laini ya Bongo ilizima tulipovuka tu na ya Kenya sikuwa nayo. Mpango ulikuwa nibadilishe mjini, kwenye duka lenye kibao na risiti. Lakini ilikuwa Jumapili, na basi likakaa mpakani hadi nikasali adhuhuri palepale, eti mmoja hana kadi ya homa ya manjano.

Sasa Likoni. Basi likifika pale linaingia foleni ya magari, abiria mnateremshwa mvuke kwa miguu. Nimeshuka na begi langu, jua la saa kumi, umati ule jamani, watu wanateremka ule mteremko kama siafu. Kijana mmoja akanizuia njia, ana kijitabu mkononi. "Mzigo ni hamsini, mama." Mimi naingiza mkono mkobani, maana sisi tumezoea kivuko cha Kigamboni kule Dar, mia mbili mkononi ndipo upite. Mara nyuma yangu sauti: "Weye! Hebu mwache mgeni wa watu!" Nikageuka. Mtu wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi, kofia ya kiua kichwani, uso wa mtu anayetoka msikitini. Akaniambia, "Dadangu, usitoe hata senti. Feri bure kwa aendaye kwa miguu, walipao ni wenye magari." Nikaangalia. Kweli, watu walikuwa wanapita mamia kwa mamia na hakuna aliyekuwa analipa. Yule kijana akatokomea.

Nawauliza, mtu anayekuokolea pesa kabla hata hamjasalimiana, utamdhania tapeli? Na alichosema ni kweli tupu, muulizeni yeyote wa Mombasa. Sasa hivi ndiyo nawaza kwamba yeye na yule kijana lao moja.

Kwenye feri akasimama kando yangu, si karibu, kwa adabu. Akanionyesha meli za mizigo zinakoingilia Kilindini. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanga. "Ah, nyumbani! Shangazi yangu kaolewa Makorora." Akataja mtaa, akataja na soko la Mgandini! Mtu anayeijua Mgandini nimkatae vipi?

Tulipopanda upande wa kisiwani nikasema nasubiri basi. Akasema basi na foleni ile litachelewa, bora nichukue tuktuk, nyumba za wageni Mwembe Tayari ni tele. Nikamwambia sina shilingi ya Kenya. Mimi ndiye niliyesema! Yeye hakuuliza. Akatoa mia moja mfukoni, imechakaa, ina sura ya Mzee Kenyatta, akasema, "Chukua, kunywa madafu kwanza, utanirudishia." Nikampa muuza madafu. Akaipokea, akanirudishia chenji, wala hakuitazama mara mbili. Nikanywa, kumbe nanyweshwa.

Ndipo akasema ana rafiki yake anayefanya biashara ya kanga na Tanga, pesa za Kitanzania huwa wanazihitaji, basi kwa kunisaidia atanipa shilingi moja ya Kenya kwa ishirini kamili zetu. Mpakani walikuwa wanataka ishirini na moja zetu kwa moja yao. Nikapiga hesabu kichwani: 15,000. Tukasogea kwenye kivuli cha kibanda kimoja kilichofungwa. Akatoa bahasha ya kaki. Noti 14 za elfu, na elfu iliyobaki kavunja vunja, mia mbili mbili na mia mia.

Hapa nataka mnielewe vizuri maana mtasema sikuhesabu. Nilihesabu. Yeye mwenyewe alisisitiza: "Hesabu dadangu, pesa haina muhali." Nikahesabu nikarudia. Nikazipapasa, karatasi yenyewe ya pesa, ile inayokwaruza kidole. Nikainua moja kwenye mwanga, kichwa cha simba kikatokea ndani. Nikainua nyingine, simba. Elfu zote zina sura ya Mzee, sawasawa na ile mia niliyonunulia madafu dakika chache nyuma na ikapokelewa. Sasa ulitaka nifanye nini zaidi, niwaite Benki Kuu? Nikafungua leso, nikampa laki tatu. Yeye hata hakuhesabu! Akasema, "Nakuamini, sisi ni ndugu." Akakata ile mia yake aliyonikopesha, tena akaikumbuka mwenyewe. Akaita tuktuk, akamkemea dereva asinilangue kwa sababu mimi ni mgeni, akaniombea dua ya safari. Dua! Nikaitikia amina.

Mwembe Tayari nikapata nyumba ya wageni safi tu. Sebuleni kuna watu wanaangalia mpira. Mama wa mapokezi akaniambia bei, nikachomoa elfu mbili kwa madaha, mtu mwenye pesa yake. Akazishika, akazitazama, akanitazama. "Mamangu, hizi umezitoa wapi?" Nikasema nimebadilisha. Akasema, tena kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza, "Hizi zilikufa. Tangu 2019."

Nikadhani ananitania. Nikamwambia si bandia hizi, tazama simba huyo. Akasema hajasema bandia, ni pesa halali kabisa ya zamani. Mwaka 2019 Kenya ilitoa noti mpya, na elfu za zamani watu wakapewa hadi tarehe 30 Septemba mwaka huo wazirudishe benki. Baada ya siku hiyo elfu ya zamani ikawa karatasi. Za mia, mia mbili na mia tano za zamani hazikufutwa, ndiyo maana ile mia ya madafu ilipita. Mmeona ushetani huo? Kanipa ndogo inayofanya kazi ili niamini kubwa iliyokufa.

Akafungua droo yake akanionyesha elfu ya sasa. Rangi zinakaribiana. Lakini ya sasa haina uso wa Mzee umejaa pale mbele, ina lile jumba refu la mikutano la Nairobi, na Mzee mwenyewe ni sanamu ndogo tu. Kitu cha kuona kwa sekunde moja ukiwa umeshaonyeshwa. Mimi nani alinionyesha? Mzee mmoja aliyekuwa anaangalia mpira akageuka akasema, "Pole mwanangu, wamekufanyia." Na vijana wawili wakacheka chini chini. Nikatamani sakafu inimeze. Hamuwezi kujua aibu ya kusimama mapokezi na kitita mkononi na huna hela ya kitanda. Yule mama Mungu ampe kheri, alipokea zile mia mia akanipa chumba cha uani, kilichobaki akaandika deni.

Asubuhi nikarudi kivukoni. Muuza madafu akasema hamjui mtu huyo, anapita tu. Nikaenda polisi, wakaandika kwenye kitabu chao, wakaniuliza jina lake. Jina! Kajiita jina ambalo kila nyumba Pwani ina mtu wake. Nikaingia benki, binti wa dirishani akazigeuza akasema, "Dada, muda wake uliisha zamani." Nikauza saa yangu ile mnayoijua ndiyo nikapata nauli. Vile vitu havikununuliwa, mshajua.

Mtaniuliza dalili za kumtambua tapeli. Sijui niseme nini. Zile noti zilikuwa zimenyooka mno, hazina jasho la mkono wa mtu, pesa ya sokoni haiwi vile. Kiwango kilikuwa kizuri kuliko cha mpakani, nani anakupa faida yake bure? Hakuhesabu laki tatu yangu, hilo nalo. Na elfu zote ni za aina moja wakati mia zake zilikuwa mchanganyiko, nyingine zina sura, nyingine zina jengo. Hilo la mwisho nililiona kwa macho yangu nikadhani ndivyo pesa zao zilivyo, kama zetu zilivyo na sura tofauti tofauti. Basi, mengine mtajaza wenyewe, mimi kichwa kinaniuma.

Ninachotaka ni huyu mtu akamatwe. Asipigwe faini, faini atalipa kwa pesa yangu. Afungwe, na akiwa ndani alipwe ujira wa kazi kwa elfu za zamani, akanunue nazo sabuni. Na yule kijana wa hamsini naye asiachwe. Watu wa Mombasa mlioko humu, nyinyi wenyewe mnasema kwenu ni mji wa ustaarabu, sasa mtu anasimama langoni mwenu na kofia ya dini kichwani anavua wageni na mnapita naye kila siku. Mnamjua! Mtu hawezi kufanya kazi hiyo pale watu wote wale wasimjue. Polisi wakishindwa, bibi yangu Pangani keshaambiwa, na mnamjua bibi kwa Albadiri. Akianza kisomo hasimami mpaka mtu mwenyewe arudi na pesa mkononi analia. Kama una ndugu yako anabadilisha pesa pale Likoni na ana shati jeupe, mwambie mapema arudishe laki tatu.

Hizo noti 12 za elfu zilizobaki ninazo, mbili nilimwachia yule mama azionyeshe wageni wengine. Anayetaka kuziona aje nyumbani, nimeziweka mezani. Na wenye pesa yao, nitalipa kidogo kidogo baada ya mwisho wa mwezi, tafadhali msinipigie usiku, na Da Mwana usianze.