Tahadhari kwa walimu na wazazi: wakala wa safari za wanafunzi kwenda Dubai

Ninawaandikia walimu wenzangu na wazazi wa Dar es Salaam ambao shule zao zinapanga kuwapeleka wanafunzi Dubai likizo ya Desemba. Mtu aliyetutapeli likizo ya Juni ameanza tena kuzunguka mashuleni, na ingawa amebadilisha jina la kampuni, vipeperushi ni vile vile na bei ni ile ile ya shilingi 2,850,000 kwa mwanafunzi.

Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa msafara wetu wa wanafunzi 24 na walimu wawili. Wakala alikuja na cheti cha usajili wa BRELA, mamlaka ya serikali inayosajili kampuni na biashara, barua yenye mhuri, na ahadi kwamba kwa kila wanafunzi 12 mwalimu mmoja angesafiri bure. Nafasi ya bure ya mwalimu ni jambo la kawaida katika safari za makundi na siyo dalili ya utapeli, ila nakiri kwamba ilinifumba macho, kwa maana mtu aliyekwisha kuahidiwa tiketi huona haya kumbana anayempa. Cheti kilikuwa halali, lakini usajili wa jina la kampuni si kibali cha kuuza safari, na hakuna hata mmoja wetu aliyeomba kuiona leseni yake ya biashara ya utalii, ile TALA inayotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii.

Kila mzazi alilipa kianzio cha shilingi 1,700,000, jumla 40,800,000. Tuliambiwa kwamba akaunti ya kampuni inabadilishiwa watia saini, hivyo tutume kwenye namba ya simu ya mhasibu. Wazazi wawili waliuliza kwa nini jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri ni la mtu binafsi, nami, kwa bahati mbaya, ndiye niliyewajibu waendelee tu.

Kilichotulaza usingizi zaidi ni karatasi za safari. Alituletea ratiba ya ndege yenye majina ya watoto wote na ile namba ya kushikia nafasi kwenye ndege yenye herufi na tarakimu sita, na nilipoiingiza kwenye tovuti ya shirika la ndege, safari ilionekana kweli, tarehe na saa zikiwa sawasawa. Sikujua kwamba nafasi inaweza kushikwa bila kulipiwa hata senti, ikakaa kwenye mfumo mpaka muda wa malipo uishe, kisha ikafutika yenyewe. Tiketi iliyolipiwa huwa na namba ya tarakimu 13 kwa kila abiria, na tatu za mwanzo ni za shirika lenyewe: 176 ni Emirates, 071 ni Ethiopian Airlines, 706 ni Kenya Airways. Katika karatasi zetu namba hiyo haikuwepo popote. Shangazi wa mwanafunzi mmoja alipotaka kumchagulia mtoto kiti cha dirishani, siku tisa kabla ya safari, akakuta nafasi zote zimefutwa. Tulipompigia wakala akadai mfumo una hitilafu, na jioni ile ile akaomba shilingi 180,000 zaidi kwa kila mtoto kama tofauti ya nauli.

Viza nazo zilikuwa za kughushi. Aliyeligundua hilo ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyeona kwamba namba ya viza yake ni ile ile ya rafiki yake.

Jambo lililoniumiza kuliko fedha ni pasipoti. Nilimkabidhi pasipoti halisi 26 kwenye bahasha, bila hata kusainishana, wakati viza ya Dubai huombwa kwa nakala ya pasipoti na picha. Tulipozidai, alitaka alipwe kwanza "gharama za kufunga faili". Zilirudi zote baada ya sisi kuripoti polisi na kupata RB, yaani namba ya taarifa katika kitabu cha polisi, lakini fedha zilizorudi hazifiki hata milioni tatu, na shauri bado liko kwa wapelelezi.

Ikiwa amekwisha kufika shuleni kwenu, msimpe pasipoti wala kianzio, na mwambieni alete namba za tiketi za watoto wote, kisha mwalimu azipeleke mwenyewe kwenye ofisi ya shirika la ndege hapa mjini zikahakikiwe. Na kama mmekwisha kulipa, hifadhini ujumbe wa kila muamala na ratiba aliyowapa bila kufuta chochote, mkaripoti polisi kabla hajajua kwamba mmeshtuka, kwa sababu sisi tulimpigia simu kwanza, na kesho yake ofisi yake ya Kariakoo ilikuwa tupu.