God of War Ragnarök: gemu tamu sana, ila kwenye kile kinyago nawadai maelezo

Wadau wa gemu wa Moshi na Arusha, leo naongelea God of War Ragnarök na naongelea stori tu, maana kuhusu mapigano hamna ubishi, shoka linarudi mkononi vilevile linavyotakiwa kurudi, picha ni kali hata kwenye PS4 ya zamani, hayo watu wameshayasema sana. Mi nataka stori. Na nasema mapema kabisa, kama hujaicheza na una mpango wa kuicheza ishia hapa, kamalize kwanza ndo urudi, sababu nitataja nani anakufa na nani alikuwa nani.

Kwanza msimamo wangu ueleweke. Sina shida kabisa na gemu kuniacha na fumbo. Sisi tuliokulia chini ya mlima tumesimuliwa Kibo na Mawenzi tangu wadogo, Mawenzi moto wake umezimika anaenda kwa Kibo kuomba kaa, anapewa, anarudi tena anapewa, anarudi tena, mwisho Kibo anachoka anampiga kipigo cha maana ndo maana hadi leo kilele cha Mawenzi kimechongoka-chongoka vile. Hakuna bibi aliyewahi kueleza ule moto wa kwanza ulitoka wapi wala hao wawili wazazi wao ni kina nani, na hakuna mtoto aliyeudhika, kwa sababu kila kilichotajwa kwenye ile hadithi kina kazi na hakuna sehemu hadithi inajikana yenyewe. Hicho ndo kipimo changu. Fumbo ruksa. Ila ukinionyesha kitu ukaniambia hiki ndo mzizi wa ugomvi wote usikitupe kabla hujanijibu, na ukinipa kanuni ya dunia yako usiivunje kimyakimya.

Sa kwa wasiojua, Ragnarök ilitoka Novemba 2022 na ni muendelezo wa ile ya 2018. Kratos, yule yule aliyemaliza miungu ya Ugiriki, yuko nchi za baridi huko kaskazini na mwanae Atreus, mke amefariki, na miungu ya kule, Odin na Thor na wenzao, inawatafuta. Studio ni Santa Monica ya Marekani.

Ile ya 2018 kwangu ni darasa la kuficha mambo. Mwanzo kabisa wa gemu Kratos anakata mti wa kumchomea mkewe, mti una alama ya kiganja cha dhahabu, we unabonyeza tu padi unakata, unadhani ndo wanakufundisha kutumia shoka. Kumbe ile miti mke ndo aliiwekea alama mwenyewe, ilikuwa imezunguka msitu wao kama kinga ili miungu isiwaone, kuikata ndo kumefungua mlango, na Baldur, mtoto wa Odin, anafika nyumbani kwao muda si mrefu. Hawakwambii palepale. Unacheza masaa na masaa ndo inakuja kukaa kichwani, halafu unagundua kumbe aliyekuwa anatafutwa siku ile ni yule mama, siyo Kratos. Au ile mishale ya mti fulani ambayo Freya, mama yake Baldur, anaiona anapagawa anaichoma yote, baadaye kipande kimoja kilichobaki Kratos anakitumia kubana mkanda wa podo la mtoto, kitu kidogo kabisa unaweza usikitie maanani, na kipande hichohicho ndo kinakuja kumchoma Baldur mkononi na kuvunja uchawi uliomfanya asisikie maumivu. Aisee pale nilisimama kwenye kochi. Hiyo ndo kazi ya mtunzi, amekuwekea kitu mbele ya macho na amekuamini utakikumbuka.

Ndo maana nilivyoingia Ragnarök niliingia na imani kubwa, na kinyago ndo kimenitibua.

Odin ndani ya ofisi yake kule Asgard ana ufa, ufa uko hewani unawaka, na anasema zamani alichungulia mle akaona ukweli wa mambo yote, toka siku ile hajatulia. Anatafuta vipande vya kinyago ili akivaa aweze kuangalia ndani bila kuangamia. Kwa ajili ya hicho kinyago anamchukua Atreus kama mwanae, anamtuma huku na huku kutafuta vipande, anadanganya, anaua. Gemu nzima mzee huyu anasukumwa na kitu kimoja, kujua kuna nini mle. Na mimi mchezaji nasukumwa na kitu hichohicho! Mwisho unafika, kinyago kimekamilika, Odin anamwambia Atreus avae, na Atreus anakivunja. Basi. Alikitengeneza nani, yale maandishi yake ni ya nani, ufa ulitoka wapi, kuna nini ndani, hakuna jibu hata moja la maana.

Najua utetezi wake, nimeshabishana sana na chalii mmoja wa Majengo kuhusu hili. Anasema hiyo ndo maana yenyewe, Odin alipotea kwa kutaka kujua kila kitu, mtoto akachagua watu badala ya majibu. Naelewa na kwa upande wa Atreus nakubali kabisa, ni uamuzi mzuri na unamfaa. Lakini uamuzi wa Atreus hauzuii mtunzi kunipa mimi kitu. Wangeweza kunionyesha hata sekunde tano za kile Odin alichokiona siku ya kwanza, kumbukumbu yake tu, nikajua huyu mzee amekuwa mwehu kwa ajili ya nini. Bila hapo nabaki na kitu kilichoendesha vita nzima ambacho ungeweza kukitoa ukaweka kikombe au pete na stori isingebadilika hata mstari mmoja.

La pili ni nyoka. Hili ni kubwa zaidi maana hapa ni kanuni imevunjwa. Kwenye ya 2018 kuna Nyoka wa Dunia, Jörmungandr, mkubwa anajaza ziwa zima, na Mimir, kile kichwa kinachoongea kinachoning'inia kiunoni kwa Kratos, anasimulia kwamba kwenye vita ya Ragnarök itakayokuja nyoka na Thor watapigana hadi mti wa dunia upasuke, na nyoka atarushwa nyuma ya wakati, hadi kabla hajazaliwa. Na nyoka mwenyewe anasema Atreus ni kama anamfahamu. Tamu sana! Ragnarök inalipa deni hilo, Atreus anaweka roho ya jitu kwenye mwili wa nyoka kule Jötunheim, nyoka anakua, anatokea kwenye vita, anapigwa na Thor anapotea. Kwa hiyo kuna kipindi dunia ile ina nyoka wawili ambao ni mmoja. Sawa, nimekubali, mzunguko umefunga.

Ila katikati ya gemu hiyohiyo Kratos na Freya wanaenda kwa wale dada watatu wa hatima, na wale dada wanawaambia hamna hatima, hakuna aliyeandika kitu, ni kwamba nyie mnatabirika tu, kila mtu anafanya kile ambacho tabia yake inamtuma. Maneno mazito, na ile sehemu nzima ni kati ya sehemu zilizoandikwa vizuri kuliko zote, Kratos anakaa kimya na we unakaa kimya naye. Sa niambieni, kama hamna hatima na Kratos angeweza kuchagua asiende vitani, yule nyoka aliyekuwa ziwani toka mwanzo ametoka wapi? Yeye ni ushahidi unaoogelea kwamba vita imeshatokea. Ukisema watu wako huru, nyoka hana asili. Ukisema nyoka lazima arushwe, basi wale dada wamedanganya. Hapo gemu ilitakiwa imwachie hata Mimir sentensi mbili, maana Mimir anaongea kila mkipanda mtumbwi, anaongea kuhusu kila kitu, hili hawezi kuliacha.

Kuna na Tyr, mungu wa vita wa kule. Wale mliomaliza mnajua, Tyr ambaye Kratos na Atreus walimtoa gerezani kumbe ni Odin amejigeuza, anaishi nao nyumba moja anakula nao, na Brok, mbilikimo fundi wa silaha zao, alivyoanza kumhoji maswali akachomwa kisu. Mimi sikuliona hilo likija na liliniumiza, yule mbilikimo nilimpenda. Ila jiulize, kipindi Atreus yuko Asgard na Odin, "Tyr" huku nyumbani alikuwa anafanya nini na nani alikuwa anamwona? Unaweza kujijibu mwenyewe kwamba alikuwa anaenda na kurudi kwa uchawi wake, na mimi najijibu hivyo, sema ningependa waonyeshe hata sehemu moja "Tyr" anatafutwa chumbani haonekani. Tyr mwenyewe wa kweli unamkuta ukishamaliza stori, kwenye gereza la Niflheim, na ukiwa mtu wa kukimbilia mwisho unaweza usimkute kabisa.

Na lile baragumu la 2018? Wako kwa Freya, linasikika, kuna mtu amemwita nyoka, na hatujaambiwa nani. Hili nalisamehe kwa leo.

Kinachonikera kwenye hizi gemu kwa ujumla ni majibu kupelekwa sehemu nyingine. Kratos alijichoma upanga mwisho wa God of War III mwaka 2010, tukaona damu tu na mwili haupo, sa alifikaje kaskazini? Kipande cha safari yake kiko kwenye komiki ya 2021, humo anapita Misri. Assassin's Creed ndo walizidisha, wamemfungulia Juno, kiumbe wa kale aliyekuwa amefungiwa, mwisho wa ile ya tatu mwaka 2012, Desmond, mhusika mkuu, amekufa kwa ajili hiyo, tukasubiri gemu baada ya gemu tukijua huyu ndo adui mkuu, kumbe wamemmalizia kwenye komiki. Mtu wa Kiboriloni hiyo komiki anaipata wapi? Nimenunua gemu, nimalizieni ndani ya gemu. Hata Uncharted 4 ambayo naipenda ilimleta kaka wa Drake ambaye gemu tatu za kabla hazikumtaja hata kwa bahati mbaya, ila angalau walikaa chini wakaeleza kwa nini hakuongelewa, na wakamfanya ndo moyo wa stori.

Sasa kwa nini bado naipa Ragnarök alama ya juu? Kwa sababu ya kitendawili cha Brok. Katikati ya safari Brok anamtegea Mimir: kitu gani ukizidi kukipunguza ndo kinazidi kuwa kikubwa? Mimir anayejua kila kitu duniani anashindwa, anajaribu jibu hili na lile, Brok anamcheka, na gemu inaendelea unasahau. Baadaye Brok anakufa, na kifo chake siyo kama vya wengine, maana alishawahi kufa zamani, ndugu yake Sindri akamrudisha ila roho ilirudi imepungua kipande, kwa hiyo safari hii hana pa kwenda. Ukishamaliza stori kuna mazishi yake, na usiyaruke tafadhali, ndo hapo Mimir anatoa jibu. Ni shimo. Sindri amesimama pale hataki kuongea na mtu. Yaani walishikilia jibu la swali dogo masaa mengi na wakalitoa mahali ambapo lilibeba msiba mzima. Watu wanaoweza kufanya hivyo kwa kitendawili wanashindwaje kwa kinyago? Ndo maana nadai, nadai kwa sababu uwezo wanao.

Kwa upande wa matumizi. Gemu haina Kiswahili, maongezi ni mengi na nusu ya mambo niliyoyataja yanasemwa mkiwa kwenye mtumbwi au mnatembea, kwa hiyo washa maandishi ya chini na uyafanye makubwa. Kuicheza kwenye mabanda ya kulipia kwa muda siwashauri, stori peke yake ni zaidi ya masaa 20, nyuma yako kuna madogo wanasubiri mpira, utajikuta unaruka video ili usile hela na ukiruka video hii gemu haina maana, na kuna banda moja hapa mjini walinifutia nilipokuwa nimefikia bila hata kuniuliza. Diski iliyotumika ni bora, jaribu mbele ya muuzaji, maana kushusha kwa bando ni zaidi ya GB 80. Anza na ya 2018, usithubutu kuanza na hii. Ukimaliza zote shusha nyongeza ya Valhalla ambayo ni ya bure toka Desemba 2023, humo Kratos anakutana na mambo yake ya Ugiriki uso kwa uso na Tyr wa kweli anapata nafasi yake, na mimi naona imeandikwa kwa umakini kuliko hata saa la mwisho la gemu yenyewe.

Naipa 8 kwa 10. Hizo mbili zilizobaki ziko ndani ya ule ufa wa Odin, na aliyesoma kile kinyago vizuri akaona nilichokosa aje anijibu, hasa kuhusu nyoka.