Maikrowevu ya kuzungusha ya lita 20: kwenye kuyeyusha sangara naipa 4 kwa 5

Wadau wa Mwanza na kanda ya ziwa kwa ujumla, naenda moja kwa moja mana najua wengi mnataka kujua inunuliwe au isinunuliwe. Inunuliwe. Ila kama unaichukua kwa ajili ya kuyeyushia samaki na nyama kama mimi basi vumilia usome yote, kwa sababu kupasha wali kila maikrowevu inapasha, kazi iko kwenye kuyeyusha, na hapo ndo watu wanaharibu samaki wa watu alafu lawama zinaenda kwa mashine, au mbaya zaidi wanakula kitu kilichoshaanza kuharibika na wala hawajui.

Ninayoisemea ni ile ndogo ya kawaida, lita 20, wati 700, haina vitufe vya kubonyeza wala kioo cha namba, ina swichi mbili tu za kuzungusha, ya juu ya nguvu ya moto na ya chini ya dakika. Ziko kibao madukani, majina yanatofautiana ila ukizifungua milango zinafanana sana. Yangu nilichukua mjini kati kwa laki na themanini. Kijana wa dukani akaniambia "dada hii ni ya kupashia tu, ukitaka ya kuyeyusha jikamue uchukue ile ya digito," nikamwonyesha pale kwenye swichi ya juu, kuna kialama cha theluji na matone ya maji, "na hii hapa kaka ni ya nini?" Akainama akaangalia, akasema hajawahi kuona mteja anaiulizia. Sasa hiyo alama ndo ya kuyeyusha, wenyewe wanaita difrosti, na ndo naiandikia hapa.

Sisi wa huku samaki hatununui kipande kimoja. Ukishuka soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi bei inakushawishi, unarudi na sangara wa kutosha wiki nzima, sato juu yake, friza linajaa. Kumuingiza sio shida, shida ni kumtoa. Na njia inayotumika nyumba nyingi ni ile ya kumtoa asubuhi, unamweka kwenye beseni jikoni, unaenda kazini, jioni unamkuta kalainika unaanza kukaanga. Jamani hiyo njia naipinga kwa nguvu zote. Mwanza yetu hii mchana ni nyuzi 27, 28, mnofu wa juu unalainika mapema sana na unakaa na joto hilo masaa mengi wakati katikati bado ni barafu, na vijidudu vinazaliana kati ya nyuzi 5 na 60, yani jiko zima ni eneo lao. Friza haliviui, linavilaza tu, ukivitoa vinaamka. Shirika la Afya Duniani wana yale maelekezo yao matano ya chakula salama waliyoyatoa 2001, na mojawapo linasema wazi kabisa chakula kilichoganda kisiyeyushwe kwenye joto la kawaida la chumba. Na kingine watu hawakifikirii, yale maji yanayochuruzika kutoka kwenye beseni yanafika kwenye kachumbari iliyokatwa pembeni, na kachumbari hua haipikwi.

Njia salama ziko tatu. Friji la chini, sio friza, unamhamishia usiku na kesho yake yuko tayari, hii ndo nzuri kuliko zote na mnofu unabaki vizuri. Ya pili maji baridi, samaki akiwa ndani ya mfuko usiovuja, maji unabadilisha kila nusu saa, na sio maji ya moto, hapana, baridi. Ya tatu ndo maikrowevu. Yani mi sijanunua mashine ili niache friji, nimenunua kwa ajili ya siku ambayo hukupanga kitu, shemeji anapiga simu yuko ng'ambo Kamanga anasubiri kivuko na nyumbani hamna hata kitoweo kimoja ambacho hakijaganda.

Sasa inavyofanya kazi, na hapa naomba tuelewane mana ukielewa hiki mengine yote yanajileta. Mawimbi ya maikrowevu yanatikisa maji, na maji yakiwa maji yanapokea moto haraka sana, ila yakiwa barafu yanapokea kidogo mno. Kwahiyo ile sehemu ya kwanza kuyeyuka, labda ukingo au ncha ya mkia, inaanza kunyonya moto wote peke yake, inachemka, wakati sentimita chache tu pembeni pamegandamana. Alafu mawimbi yenyewe hayaingii ndani sana, ni kama sentimita mbili tatu hivi, katikati ya pande nene panategemea joto litembee lenyewe kutoka nje. Ndo mana ukiweka moto wa juu unapata samaki aliyeiva nje na barafu ndani. Kwenye difrosti mashine inashusha mpaka kama asilimia 30 ya nguvu yake, na hizi za kuzungusha hazipunguzi moto kama jiko la gesi, zinawaka na kuzima. Sikiliza utaisikia, mngurumo unapanda kidogo, unakata, feni na sahani vinaendelea, baada ya muda unapanda tena. Wengine wanadhani imeharibika, dada yangu aliniita kabisa "njoo uone mashine yako inakatakata." Haijaharibika. Ule ukimya ndo unaoyeyusha, joto linapata nafasi ya kuingia ndani kabla halijaja lingine.

Nikaipima na minofu ya sangara, nusu kilo, vipande vinene kama vidole viwili. Pembeni ya swichi ya dakika kuna namba ndogo za kilo zimechapwa, unatakiwa uzungushe mpaka kwenye uzito wa kitu chako. Hapa ndo nimekata maksi yangu moja. Kwa nyama ya ng'ombe ile namba iko sawa kabisa, ila kwa minofu ya samaki ni nyingi mno, usiifuate. Mi naweka dakika tatu, nafungua, nageuza, vilivyoshikana natenganisha kwa kisu butu, vya katikati navitoa pembeni na vya pembeni navipeleka katikati, naweka mbili tena, naangalia. Macho yako yawe kwenye ukingo mwembamba wa upande wa tumbo. Mnofu mbichi wa sangara una ule mng'ao, unakaribia kuona ndani, sasa ukiona ule ukingo umeanza kufa rangi unakuwa mweupe kama chaki, simama hapohapo, hicho kipande kimeanza kuiva, kitoe kiende kwenye sahani nyingine. Na usisubiri katikati palainike kabisa ndani ya mashine. Pakibaki pagumu kidogo ila kisu kinapita, zima, acha imekaa dakika tano mlango ukiwa umefungwa, inamalizia yenyewe. Nilichokipenda ni kwamba kwa mwendo huo hakuna kilichoiva, minofu yote ilifika kwenye kikaango ikiwa mbichi sawasawa na ndimu ikaingia vizuri.

Alafu sharti ambalo halina mjadala: ukishayeyusha kwa maikrowevu unapika muda uleule. Sio unamrudisha friji eti utampika kesho, na friza ndo usifikirie kabisa akiwa mbichi. Ziko sehemu zimeshapata uvuguvugu hata kama kwa mkono huzisikii. Ukishampika ukataka kumgandisha tena sawa, hilo halina tatizo. Na kupika ni kupika, katikati ifike nyuzi 70, sio nje kahawia ndani wekundu. Umeme ukikatika katikati ya kuyeyusha, usikae kusubiri urudi, washa gesi au mkaa umalizie, hata akiwa na barafu kidogo ndani anapikika, unaongeza muda tu na moto unaupunguza.

Vitu vingine nilivyojaribu. Nyama ya kusaga inatoka vizuri sana ila uwe unaikwangua ile iliyolainika unaitoa, unarudisha bonge lililobaki. Maharage yaliyochemshwa yakagandishwa, hapo naipa maksi zote, hayo hata moto wa juu yanavumilia mana yameshaiva, koroga tu. Sato mzima ni mtihani, mkia unaiva wakati kichwa bado, mi sato mzima namwachia maji baridi. Mapanki, yani yale mabaki ya sangara aliyeshatolewa minofu, pia hapana, mnofu wenyewe ni kidogo umeshikilia mifupa, unakauka. Kuku mzima wa friza usijaribu kabisa, ndani ya tumbo kunabaki barafu na mapaja yanaanza kuiva, mkate vipande kabla ya kumgandisha. Njegere wala hazihitaji kuyeyushwa, tumbukiza kwenye sufuria hivohivo. Na wamama wanaonyonyesha, maziwa mliyokamua mkagandisha yasiingie kwenye maikrowevu, yanapata moto sehemu sehemu, chupa unaigusa iko poa kumbe kuna sehemu inamuunguza mtoto mdomo. Weka chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu inatosha.

Lakini kiukweli nusu ya kazi ya kuyeyusha inafanyika siku ya kugandisha. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 wengi tunatoka na samaki sokoni kwenye mifuko mbadala, alafu mtu anaurusha mfuko ulivyo ndani ya friza, kile kitambaa kinagandana na ngozi, na vipande vyote vinakuwa bonge moja la kilo tatu ambalo hakuna mashine duniani itaweza kuliyeyusha sawasawa. Tandaza vipande kwenye trei kimoja kimoja visigusane, vikishaganda ndo uvipange kwenye kontena, kila kontena mlo mmoja, na viwe bapa. Ukifanya hivyo hata hii mashine ya bei ndogo inashindana na ya laki nne. Na ile minofu inayouzwa imefungwa kiwandani bila hewa, mfuko unaushika samaki kabisa, usiiyeyushe ikiwa imefungwa, toa kwenye mfuko kwanza, kuna vijidudu vya sumu vinavyopenda hasa sehemu isiyo na hewa.

Vyombo: bakuli la kioo au la udongo. Makopo ya aiskrimu na ya siagi tunayotunzia vitu yanalegea na kujikunja, na yale matrei meupe mepesi ya nyama ya supamaketi yatoe kabisa. Foili na sufuria haviingii. Na zile sahani nzuri za kabatini zenye mstari wa dhahabu pembeni, hata kama unayeyusha tu, zinatoa cheche, ule mstari ni madini.

Umeme haili, watu wanaiogopa bure. Hizi za wati 700 nyuma zimeandikwa zinavuta kama 1,100, ila kwenye difrosti inawaka theluthi tu ya muda, kwahiyo dakika kumi ni kama 0.06 ya uniti, hata sehemu ya kumi ya uniti haifiki. Kinachosumbua ni jioni umeme ukiwa mdogo, inanguruma kawaida ila moto hamna, utaongeza dakika, ndo mana nasema angalia samaki sio saa.

Mabaya yake mengine: swichi ya dakika chini ya mbili haina uhakika, zungusha mpaka tano kwanza alafu urudishe ulipotaka. Kengele yake ni mlio mmoja tu, ukiwa sebuleni husikii. Na shombo, jamani shombo inakaa. Maji ya samaki yakimwagika kwenye sahani ya chini futa palepale na sabuni, kabla hujaweka chai ya mtu. Ikishindikana chukua bakuli la maji, kamulia ndimu mbili na maganda yake utumbukize, moto wa juu dakika tatu, acha mlango umefungwa kidogo ndo ufungue ufute kuta zote na juu, watu hua wanasahau juu.

Kuna mtu ataniuliza ile sahani ya kioo ikivunjika inapatikana wapi. Zinapatikana kwa mafundi mjini na kwenye maduka ya vipuri, ila usiende mikono mitupu, pima upana wake kwa rula na uangalie chini yake pale katikati kuna vishikizo vitatu vinavyokaa kwenye kile kiplastiki cha kuzungushia. Kiplastiki kichomoe uende nacho, mana sahani zinaweza kuwa na upana uleule na bado zisikae.