Kadi ya kocha kwenye fainali ya vijana: tathmini ya FVS baada ya Moroko 2, Argentina 0

Moroko ni mabingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 20, na hilo liandikwe kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Tarehe 19 Oktoba 2025, kwenye Uwanja wa Taifa wa Santiago, Chile, Yassir Zabiri alifunga mara mbili ndani ya dakika 29, na Argentina, mabingwa mara sita wa mashindano haya, wakaondoka na medali za fedha. Kwa Afrika ni taji la pili tu, baada ya Ghana kuwatoa Brazili kwa matuta pale Cairo mwaka 2009. Mpira ulianza saa 8 usiku kwa saa za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, saa 7 kwa walioko Lubumbashi, Kigali na Bujumbura. Aliyekesha amelipwa.

Kinachopimwa hapa ni chombo kilichokuwa nyuma ya goli la kwanza. Mashindano haya hayakutumia VAR, ule mfumo wa waamuzi wa video wanaokaa chumbani. Yalitumia Football Video Support, kwa kifupi FVS, mfumo ambao FIFA iliuleta kwenye mashindano ya dunia ya vijana mwaka 2024. Ndani ya mfumo huu anayeamua kama video itazamwe ni kocha, kwa kutoa kadi ya ombi. Tathmini yetu: nyota nne kati ya tano, na nyota iliyopungua tutaieleza ilikopotelea.

Tuanze na tukio lenyewe, maana halihitaji chumvi. Zabiri alipenya nyuma ya mabeki, kipa wa Argentina, Santino Barbi, akatoka nje ya boksi kumuwahi, wakagongana, Zabiri akaenda chini. Hakukuwa na faulo iliyopulizwa. Benchi la Moroko, chini ya kocha Mohamed Ouahbi, likaomba marudio. Mwamuzi akaenda kwenye skrini, akatazama, akarudi na uamuzi mwingine: faulo, kadi ya njano kwa Barbi, mpira wa adhabu nje kidogo ya boksi. Dakika ya 12 Zabiri mwenyewe akaupiga kwa mguu wa kushoto, ukapita ukuta, ukatulia wavuni. Dakika 17 baadaye Othmane Maamma akakimbia upande wa kulia, akamimina krosi, Zabiri akaiunganisha moja kwa moja. Mechi ikawa imeelekea Rabat.

Bila kadi ile ya ombi, mchezo ungeendelea 0-0 dhidi ya timu iliyokuwa imeshinda mechi zake zote sita na kuruhusu magoli mawili tu. Argentina ya namna hiyo ikitangulia kufunga, kuifuata ni kazi nzito, hata ikiwa bila Franco Mastantuono na Claudio Echeverri ambao klabu zao hazikuwaachia. Goli la mapema liliwapa Moroko nafasi ya kucheza mpira wanaoupenda: kuwaachia wenzao mpira, kuziba katikati, kisha kuwachoma kwa kasi ya Maamma pembeni.

Sasa utaratibu, hatua kwa hatua. Kila timu inaingia uwanjani na haki ya maombi mawili. Kocha akiona kosa, anazungusha kidole hewani na kumkabidhi mwamuzi wa akiba kadi ya ombi. Lazima afanye hivyo papo hapo: kama mpira umesimama, kabla haujaanzishwa tena, kama unaendelea, mara tu baada ya tukio. Mwamuzi wa kati anasimamisha mchezo mahali salama, anakwenda kwenye skrini kando ya uwanja, na fundi wa marudio anamletea picha zilizopo. Hakuna waamuzi wengine chumbani wanaomnong'oneza sikioni. Anatazama mwenyewe, anaamua mwenyewe. Akibadili uamuzi, timu inabaki na ombi lake. Asipobadili, ombi hilo limekwenda.

Yanayoombewa marudio ni manne tu: goli au si goli, penalti au si penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kadi iliyopewa mchezaji asiyehusika. Kona, mpira wa kurusha, faulo ya kawaida katikati ya uwanja, kadi ya pili ya njano, vyote haviombewi.

Hapa ndipo tukio la Barbi linapofundisha jambo ambalo makocha wengi watalikosea. Faulo ya nje ya boksi haimo kwenye yale manne, kwa hiyo benchi haliwezi kuomba mpira wa adhabu. Linachoweza kuomba ni kadi nyekundu kwa kipa aliyezuia nafasi ya wazi ya kufunga. Mwamuzi akishaitazama picha kwa sababu hiyo, anaruhusiwa kutoa adhabu inayostahili hata ikiwa ndogo kuliko ile iliyoombwa: njano badala ya nyekundu, pamoja na mpira wa adhabu. Moroko hawakupata nyekundu, lakini walichopata kilitosha. Kocha asiyeijua kanuni hii angeitazama faulo ile, akajiambia si penalti, akarudi kukaa.

Kuhusu rangi ya kadi mabishano hayataisha, na kila shabiki ana lake. Anayesema ilistahili nyekundu ajiulize maswali manne ambayo sheria inamtaka mwamuzi ajiulize: tukio lilikuwa umbali gani na goli, mchezo ulikuwa unaelekea wapi, mshambuliaji alikuwa na uwezekano gani wa kuumiliki mpira, na mabeki walikuwa wangapi na wamesimama wapi. Jibu moja likilegea, nyekundu inakuwa njano. Kipa anapotoka pembeni ya boksi, mara nyingi swali la mwelekeo ndilo linalolegea.

Uzuri mkubwa wa FVS ni uwepesi wake. VAR inataka chumba, mwamuzi wa video na msaidizi wake, mafundi wa marudio, mawasiliano yasiyokatika na kamera nyingi zilizopangwa kwa vipimo. FVS imetengenezwa kwa mechi zenye kamera nne au tano hivi: kamera, mashine ya kurekodi, fundi mmoja wa marudio, skrini moja. Ndiyo maana ligi ambazo VAR haziwezi kuimudu zimeichukua. Msimu wa 2025/26 Serie C, daraja la tatu la Italia, na ligi kuu ya wanawake ya Hispania, Liga F, ziliitumia. Uzuri mwingine ni kwamba mchezo hausimami kwa kila kitu. Mtazamaji anajua nani ameomba, ameomba nini na amebakiwa na mangapi. Ule ubaridi wa kushangilia goli huku unaogopa kuna mtu chumbani anatafuta kidole cha mguu kilichootea unapungua sana, na kwa shabiki hilo ni jambo kubwa.

Udhaifu wa kwanza, na ndio uliokula ile nyota, ni kwamba macho ya mfumo ni macho ya benchi. Uwanja una upana wa mita 68. Kocha anasimama upande mmoja, na beki anayevuta jezi upande wa pili yuko zaidi ya mita 60 kutoka alipo, akiwa amefichwa na watu saba au wanane. Asipoona haombi, asipoomba, penalti ile imepotea hata kama dunia nzima imeiona kwenye televisheni. Timu iliyomaliza maombi yake ndiyo iliyo hatarini zaidi: dakika ya 88 ikinyimwa penalti ya wazi, haina pa kwenda.

Udhaifu wa pili ni kuotea. Tuseme kamera inarekodi picha 25 kwa sekunde. Kati ya picha moja na inayofuata zinapita sekunde 0.04. Mshambuliaji anayekimbia mita 7 kwa sekunde anasogea sentimita 28 katika muda huo. Beki akiwa anapanda mbele kwa kasi ileile, umbali kati yao umebadilika kwa sentimita 56 kabla hujapata picha nyingine. Ongeza kwamba kamera kuu iko usawa wa katikati ya uwanja, kwa hiyo inamtazama beki wa mwisho kwa mshazari. Picha ya namna hiyo inafaa kwa kuotea kwa wazi, mita moja na zaidi. Kwa kuotea kwa bega ni afadhali kocha atunze kadi yake, maana mwamuzi asipopata ushahidi wa wazi anabaki na uamuzi wa uwanjani, na kosa linahesabiwa kwa aliyeomba.

La tatu ni hasira. Mchezaji wa miaka 19 akiangushwa, atalia penalti hata kama ameteleza mwenyewe. Kocha akimsikiliza kila anayelia, maombi mawili yanaisha kabla ya mapumziko. Dawa yake ni mpango unaojulikana kabla ya mechi. Wachezaji wawili tu, tuseme kipa na nahodha, wapewe ishara moja ya mkono yenye maana ya "nina hakika". Msaidizi mmoja benchini asifanye kazi nyingine yoyote mpira unapokuwa ndani ya maboksi mawili. Ombi la kwanza litumike kwa jambo lolote lenye ushahidi mzuri; la pili lisiguswe kabla ya dakika ya 75, isipokuwa kwa penalti au nyekundu ambayo msaidizi mwenyewe ameiona kwa macho yake. Na kocha akishaona ishara, aombe au aache. Kusitasita hadi kipa wa upande wa pili apige mpira ni kupoteza haki.

Benchi la Moroko lilionyesha utulivu wa namna hiyo siku nne kabla ya fainali. Kwenye nusu fainali na Ufaransa, iliyoisha 1-1, Ouahbi alitumia makipa watatu: Yanis Benchaouch akatoka, Ibrahim Gomis akaingia, na mwishoni mwa muda wa nyongeza Gomis naye akatolewa ili Abdelhakim Mesbahi aingie kwa ajili ya matuta. Mesbahi akaokoa tuta la mwisho, Moroko wakapita 5-4. Watu wanaofikiri hivyo dakika ya 120 hawawezi kushangaza wakitumia kadi vizuri mapema kwenye fainali. Hii ni timu iliyotoka kundi lenye Hispania, Brazili na Meksiko ikiwa kileleni, miezi mitano tu baada ya kufungwa 1-0 na Afrika Kusini kwenye fainali ya Afrika kule Misri. Wakenya wanaikumbuka kutoka mashindano hayohayo ya Misri: Rising Stars, timu yao ya vijana, walifungwa nayo 3-2 kwenye makundi, na goli moja halikuwa pengo la kutisha.

Mwandaaji wa ligi au mashindano ya vijana ukanda huu akitaka kujaribu mfumo kama huu, vifaa vya msingi ni hivi. Kamera kuu juu, usawa wa mstari wa kati. Ya pili pembeni yake kwa picha za karibu. Mbili nyingine kila moja usawa wa mstari wa boksi, mita 16.5 kutoka mstari wa goli, maana hapo ndipo faulo za ndani au nje zinapoamuliwa. Ya tano nyuma ya goli kama ipo. Zote zirekodi picha 50 kwa sekunde ikiwezekana, na saa zake zilingane, la sivyo fundi atahangaika kutafuta sekunde ileile kwenye kila kamera huku mwamuzi akisubiri. Skrini iwe na kivuli: kibanda kidogo chenye pande tatu kinatosha, kwa sababu jua la saa 10 jioni likipiga kioo mwamuzi haoni kitu. Betri ya akiba iwe kati ya umeme na mashine ya kurekodi, jenereta iwe imewashwa tangu mwanzo na si kusubiriwa umeme ukatike. Nyaya zipite nyuma ya mabango, zisikatize njia ya mshika kibendera. Na skrini ikae mbali na mabenchi yote mawili. Ikikaa katikati yao, mwamuzi atatazama picha akiwa amezingirwa na watu kumi wanaopiga kelele.

Timu zetu zimeshakutana na mfumo huu kwenye jukwaa kubwa. Junior Starlets wa Kenya waliucheza kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 mwaka 2024 katika Jamhuri ya Dominika, na vijana wa Uganda wakaucheza Qatar mwaka 2025 kwenye mashindano ya wavulana ya umri huohuo. Mashindano hayo ya wavulana sasa yanafanyika kila mwaka huko Qatar hadi 2029, yakiwa na timu 48. Nafasi za Afrika Mashariki ni nyingi kuliko zamani, na kocha atakayefika huko bila kuwahi kushika kadi atajifunza kwenye mechi isiyorudiwa.

Mazoezi yake hayagharimu kitu. Kwenye mechi za kirafiki kila kocha apewe vipande viwili vya karatasi ngumu, simu moja irekodi kutoka jukwaani, na mtu mmoja aandike dakika ya kila ombi. Baada ya mechi benchi likae, litazame picha, lihesabu mangapi yangefaulu, na yale yaliyokosewa yaandikiwe sababu: kocha hakuona, alichelewa, alimsikiliza mchezaji aliyekasirika, au aliomba jambo lisilomo kwenye yale manne.