Ndama wa msimu au wa mwaka mzima?

Wafugaji wadogo wa ng'ombe wa nyama hawaishi kubishana: fahali akae na kundi siku zote, au atengwe ili majike wazae kwa pamoja?

Kwa gharama, fahali asiyetengwa anashinda. Hahitaji zizi la pili wala uzio imara; ukimtenga, fahali aliyenusa jike mwenye joto, yaani aliye tayari kupandwa, haheshimu uzio wa miiba.

Kwenye malisho mambo hugeuka. Mimba huchukua siku kama 283. Ukimwachia fahali mwanzoni mwa Machi, ndama wa kwanza huzaliwa Desemba, mvua za Dodoma zinapoanza. Mama hupata majani mabichi, maziwa yanatosha, naye hurudi kwenye joto mapema. Anayezaa Agosti hukonda, na ndama wake pia. Ila mvua huleta kupe, na zizi lenye tope huharisha ndama.

Uangalizi? Kwa msimu unakesha wiki chache tu, iodini ya kupaka kitovu cha ndama mkononi.

Mwenye ng'ombe watano na ada za shule kila muhula hufaidi ndama waliotawanyika. Mwenye ishirini na uzio imara atapenda kujaza lori kwa madume wa rika moja. Wa fahali wa kuazima hana la kuchagua.